Akina Mama Kumi na Mmoja Niliowabuni

Liko swali ambalo hata leo, mwanangu, sijaweza kulijibu: je, ningeungama kama nisingegunduliwa?

Nakumbuka vema siku niliyogunduliwa. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nikisomea shahada ya uzamivu katika sayansi ya habari na teknolojia, elimu yenye mguu mmoja katika kompyuta na wa pili katika maisha ya watu. Wazee walinionya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mimi nikajiona nina mikono minne. Nilitafiti namna akina mama wanaoleta maharage kutoka mji wa Kiwanja wanavyopima habari za barabara kabla ya kupakia mzigo: ipi ya kuaminiwa, ipi ya kuachwa.

Nilihitaji mahojiano sitini. Barabara ikafungwa, nikabaki na arobaini na tisa. Yale kumi na moja yaliyopungua niliyatunga mezani kwangu, mtaani Katoyi. Nilisimamiwa na maprofesa wawili. Yule wa kompyuta nilimwambia mahojiano yamekaguliwa na mwenzake wa mawasiliano. Wa mawasiliano nikamwambia yamekaguliwa na yule wa kompyuta. Kwa kuheshimiana, hawakuulizana. Nilijificha pale elimu mbili zinapopakana, mahali pasipo na mlinzi.

Wiki mbili kabla ya kutetea tasnifu, nilikwenda mtaa wa Ndosho kumsomea matokeo Mama Kavira, mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo aliyenijulisha kwa wenzake. Kusema kweli, nilifuata sifa. Alisikiliza huku akipepeta maharage, kisha mikono ikasimama.

"Soma tena pale pa shoferi."

Nikasoma: "Kabla ya kusafiri, mama humuuliza dereva kama njia ni salama."

Akacheka. "Docta, ule mama eko wapi? Nimuone. Shoferi anatafutaka bantu ya kujaza gari. Hata barabara ikifungwa, atakuambia panda, mama. Sisi tunaulizaka mutu mwenye ametoka kule, mwenye hana kitu ya kuuzisha."

"Wako kumi na mmoja, mama," nilisema, kana kwamba wingi wao ungeniokoa.

Kicheko kikakoma. "Kumi na moja, na bote banasema sawasawa? Mutoto yangu, ao ni weye ulijijibia?"

Akarudia kupepeta bila kunitazama. "Siku moja mutu atasoma kitabu yako, aulize shoferi, apande."

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini waliomwamini huendelea kuifuata. Ukisomea elimu mbili, waketishe pamoja wanaokukagua, na wa tatu wao awe yule unayeandika habari zake. Usimsemee mtu usiyemsikiliza. Pengo lililokiriwa lina heshima kuliko ukurasa uliojazwa uongo. Mungu akujalie ulimi usioona uzito kusema "sijui", na akupe wa kukuumbua ungali na muda wa kutengeneza.

Mimi niliamua nikiwa bado nimesimama mbele ya ungo wake. Kesho yake asubuhi niliwaomba maprofesa wote wawili waje katika chumba kimoja, jambo nililolikwepa miaka minne. Nikaweka tasnifu mezani, nikafungua kurasa zile, nikasema: "Hawa hawapo. Niliwatunga mimi."