Ruhusa ya Kumzika Kombo

Watoto wengine walicheza mpira, wengine walicheza kujificha. Msichana mmoja na kaka yake walicheza watu. Waliokota vifuniko vya soda, wakavipanga sakafuni chini ya kitanda cha mama yao, na kila kifuniko kikapewa jina, kazi na ulimi wake. Ulikuwa mji mzima pale chini: wachuuzi, walimu, mwizi mmoja mstaarabu, na bibi mmbeya ambaye kwa asili alikuwa kifuniko cha chupa ya dawa. Mama akipitisha fagio, mjini wanasema gharika imepita, na walionusurika wanaendelea na maisha.

Sheria ilikuwa moja, na hiyo haikuwa na mzaha: mtu wa mwenzio humgusi. Ukitaka aoe, augue au afe, unamwomba mwenyewe. Kwa sheria hiyo walinuniana na kufinyana, hasa kwa ajili ya Kombo, kifuniko kilichopindwa na kifungua-chupa, ambaye kwa sababu hiyo alichechemea. Kombo alikuwa wa kaka mtu.

Wakakua. Kaka, ambaye hata utotoni hakuwa msemaji, alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Dada akawa fundi cherehani wa sare za shule, na mafundi wenzake wakambandika jina la Shangazi. Ila mchezo haukumtoka. Mguu ukikanyaga cherehani, mdomo unasimulia. Saa ya chai ikifika, anaandika kwenye simu. Wenzake walisahau sindano hewani.

"Shangazi, utatufukuzisha kazi wewe! Haya, halafu akafanyaje?"

Sasa alikuwa anaandika kitabu kizima, na kitabu kilikuwa cha mji ule ule. Mhariri alikuwa amekipenda, anasubiri sura ya mwisho tu. Sura yenyewe ilikuwa mazishi ya Kombo. Shangazi alikwisha kuyaandika na kuyalilia, na aliamini hajapata kuandika kitu kizuri kuliko hicho. Lakini kuituma hakuweza. Kombo hakuwa wake.

Ucheke usicheke, mama mzima wa miaka hamsini na ushei, mwenye wajukuu, aliomba ruhusa kazini akaenda kumwomba kaka yake kifuniko cha soda.

Alimkuta mbele ya mashine kubwa, anakunja mashuka yaliyokuwa bado yanafuka joto. Tangu afiwe na mkewe alikuwa amezidi ukimya. Ukimuuliza habari atakujibu "nzuri", na hapo mazungumzo yamekwisha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kulikoni, mbona saa za kazi?"

Shangazi aliona haya. "Kaka, unamkumbuka Kombo?"

Alitegemea kuulizwa Kombo yupi. Kaka yake wala hakuacha kukunja.

"Alihama zamani. Yuko ng'ambo ya mto siku hizi, anatengeneza baiskeli. Mguu umetulia, ila mvua ikinyesha unamsumbua. Watoto hawajambo, isipokuwa yule binti wa pili, mkorofi kama wewe."

Miaka yote Shangazi alijiona ndiye mlinzi pekee wa mji ule, kumbe ng'ambo ya pili watu walikuwa wanazaliwa, wanakua, wanafungua karakana, na yeye hana habari!

"Haya yote umeyafanya lini?"

"Mashine zikizunguka mtu atafanya nini? Mimi sina maneno ya kuandika kama wewe. Naenda naye tu kichwani."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Shangazi alimtazama mtu aliyezaliwa naye tumbo moja kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. Hata hivyo alijikaza akasema lililomleta.

"Nimekuja kuomba afe, kaka. Kitabu kinataka hivyo."

Mikono ilisimama juu ya shuka. "Hapana."

"Ni kifo kizuri. Ukisoma mwenyewe utaona."

"Mkewe Kombo alifariki," kaka alisema taratibu, "wakati ule ule wa wifi yako. Kesho yake nikamwona anaamka, anawasha jiko, anachechemea kwenda kufungua karakana. Nikasema, kama huyu na mguu wake ule ameamka, basi na mimi niamke. Mpaka leo yeye ndiye anatangulia, mimi namfuata. Sasa ukimzika, mdogo wangu, asubuhi nitamfuata nani?"

Shangazi aliwahi kuwaliza watu kwa hadithi, akajivuna. Hakuwahi kumwinua mtu kitandani.

Akatoa simu, akafungua ile sura, akampa. Kaka alipangusa mikono kwenye aproni, akasoma polepole mpaka mwisho, midomo ikichezacheza.

"Umeandika vizuri sana," alisema, kisha akaifuta sura nzima.