Gari la Kumpeleka Simuogopi Kengeja

Mzee Matano Nyange wa Ole hana shamba kubwa wala nyumba ya kusifiwa, lakini ukilitaja jina lake mbele ya mtu yeyote anayependa mchezo wa ng'ombe, atakuuliza kwanza, "Yule mwenye Simuogopi?"

Simuogopi ni fahali wake. Ni mweusi, ana baka jeupe kifuani, na nundu yake imelalia upande kama kofia iliyovaliwa kwa maringo. Watu wa Ole wanasema hawajapata kuona fahali mkubwa kama yeye Pemba nzima, na Mzee Matano hana desturi ya kuwabishia.

Kila kiangazi, karafuu zikishauzwa na watu wakiwa wanaingojea masika, vijiji huitana kwenye mchezo huo. Fahali hufungwa kamba ndefu, vijana humchokoza kwa nguo, wanawake huimba, na jioni kila ng'ombe hurudi kwao mzima. Desturi ni kwamba mwenye fahali humpeleka uwanjani mwenyewe, kwa miguu. Mzee Matano amekwenda hivyo miaka mingi, kamba begani, akilala njiani kwa wakwe na jamaa. Haendi kimya. Humsemesha fahali wake tangu Ole hadi aendako: humpa habari za mvua, za bei ya mwani, za jirani aliyeoa mke wa pili. Hajui kumpiga. Husema, "Huyu hafuati kamba. Hufuata sauti."

Mwaka huo ulipofika mwaliko wa Kengeja, goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Aliteleza mkarafuuni wakati wa mavuno, na tangu hapo msikitini alikwenda kwa mkongojo. Kengeja iko mbali, kusini kabisa. Haikuwa safari ya mkongojo.

Mwanawe, Himid, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Chake Chake, alikuja kumtazama. Himid alikuwa anamwoza binti yake mwezi uliofuata. Baada ya kunywa chai alisema lile lililomleta.

"Baba, ng'ombe wa mchezo asiyecheza ni nyama iliyosimama."

"Nyama ni weye," akajibu Mzee Matano.

"Mwache mwenzio amalize," akasema Bi Mwanawema, mkewe, huku akicheka.

"Simuogopi akikaa bila mchezo anaharibika, baba. Juzi kavunja zizi, kala mihogo ya watu. Leo mihogo, kesho atamjeruhi mtoto. Kama huwezi kumpeleka Kengeja, tumchinje kwa walima wa harusi ya mjukuu wako. Atakuwa amefanya jambo la heri."

Mzee Matano hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mwanawema. Alijua mumewe hukasirika anaposikia upuuzi. Safari hii alikuwa amesikia neno la kweli. Mihogo ililiwa. Zizi lilivunjwa. Fahali asiyetoka hugeuka kuwa balaa, na kila mfugaji analijua hilo.

"Na nikimfikisha Kengeja?" akauliza mzee.

"Ukimfikisha, na ukamwingiza uwanjani mwenyewe, mimi simtaji tena."

Ndivyo Mzee Matano, ambaye hakuwahi kumpandisha ng'ombe juu ya kitu chochote, alivyoanza kutafuta gari.

Aliwaza kwanza gari la kukokotwa na ng'ombe. Bi Mwanawema alilikataa palepale. "Ng'ombe amvute ng'ombe mwenziwe hadi Kengeja? Watatuimba mpaka tuingie kaburini."

Siku ya pili alikwenda kwa Mjaka, jirani aliyekuwa na kanta, lori la kubebea mawe na mchanga. Mjaka alilipiga gari lake ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayemsifu mtoto wake.

"Mkubwa hupanda kikubwa, mzee. Humu Simuogopi atacheza kabla hajafika uwanjani."

Neno hilo lilimwingia Mzee Matano. Ng'ombe wake alikuwa mkubwa, basi na gari liwe kubwa. Walilirudisha gari nyuma hadi kwenye ukingo wa barabara uliokuwa juu, mahali ambapo udongo ulilingana na bodi, na fahali akaingia akifuata sauti ya bwana wake bila matata. Mzee akateremka, akakaa mbele upande wa kushoto, wakaondoka kwa majaribio.

Hawakufika mbali. Mzee alitoa kichwa dirishani akamwita ili amtulize, "Simuogopi, niko hapa baba, niko hapa!" Fahali akaja upande wa sauti. Gari likaingia kwenye kona, naye akateleza hadi upande wa pili, akagonga bodi, akaanguka kwa magoti. Bodi ilikuwa pana kama sebule, hakuna pa kuegemea. Walipomteremsha alikuwa anatetemeka miguu yote, na mzee alimshika shingo muda mrefu.

"Atazoea," akasema Mjaka.

"Mie ndo sitazoea," akajibu Mzee Matano.

Usiku huo Bi Mwanawema alimwona amekaa kizingitini, goti limenyooshwa, akilitazama zizi. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kanga yake moja ya zamani na kumrushia.

"Kampime asubuhi. Usipime kwa macho, macho yako yanamwona kama tembo."

Asubuhi alimpima kwa kanga hiyo, kutoka kifuani hadi mkiani, kisha kutoka ubavu hadi ubavu. Fahali aliilamba kanga na kuila ncha. Bi Mwanawema alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje, lakini kipimo kilipatikana, na kwa kipimo hicho mzee akapanda daladala hadi Wawi.

Huko alimkuta Humoud, kijana mwenye keri, yaani lile gari dogo la mizigo ambalo bodi yake iko chini na haina upana. Humoud hulitumia kubebea viti vya harusi na ndizi za sokoni. Alimwona mzee anaitandika kanga ndani ya bodi yake, akadhani anataka kuhamisha vyombo.

"Unapakia nini, ami?"

"Ng'ombe."

"Ndama?"

"Simuogopi."

Humoud alikaa chini kwenye tairi la akiba. "Ami Matano, wallahi mie nakuheshimu. Lakini hili ni gari la ndizi. Akipiga chafya yule, tuko kondeni."

"Pima mwenyewe. Anaingia, na mbavu zake zinashikwa huku na huku. Hana pa kutelezea. Kule kwa Mjaka alikuwa kama punje moja ndani ya debe. Punje moja haitulii."

Humoud aliitazama kanga, akalitazama gari. Kisha akakubali, labda kwa sababu alikuwa mwema, labda kwa sababu alitaka kuwa mtu aliyembeba Simuogopi.

Siku ya safari waliziongeza kingo za bodi kwa miti, wakaifunga kwa kamba za nazi, wakamwaga makumbi sakafuni ili kwato zisiteleze. Simuogopi alipoingia, gari lilichuchumaa nyuma kama mtu anayetawadha. Majirani walicheka sana. Makalio ya fahali yalifika ukingoni kabisa na mkia ulining'inia nje. Lakini alisimama imara, kaegemea kulia, kaegemea kushoto, kama aliyevaa nguo ya kushonewa.

"Pilau inasafiri!" akapiga kelele Mjaka.

"Inasafiri na bwana wake," akajibu Bi Mwanawema, na kwa mara ya kwanza watu wakajua yuko upande gani.

Mzee akapanda mbele, kushoto kwa dereva. Wakaondoka polepole. Ole haijaisha, mngurumo wa injini ukamtisha fahali, akaanza kulia. Mzee akatoa kichwa dirishani: "Niko hapa baba! Niko hapa!" Mara gari likalala upande wa kushoto. Humoud akausokota usukani, akakanyaga breki, wakasimama kando ya muhogo wa watu, gurudumu moja likiwa kwenye mtaro.

"Ami, nyamaza!" akasema Humoud, jasho linamtoka.

Mzee akanyamaza. Simuogopi akalia zaidi na kuvuta kamba hadi miti ikalia pamoja naye. Mzee akamwita tena, gari likalala tena.

Hapo Humoud akazima injini.

"Ami," akasema taratibu, "huyu anaifuata sauti yako. Wewe uko kushoto, naye anakuja kushoto. Hata kwa Mjaka, kwa ulivyonieleza, alikujia wewe."

Mzee Matano alishika paji la uso. Miaka yote hiyo alitembea mbele ya ng'ombe wake, na sauti yake ilikuwa mbele. Hakupata kufikiri kwamba mtu aliye ndani ya gari huita kutoka ubavuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwangusha kwenye kanta, kwa kumbembeleza.

"Basi turudi," akasema kwa sauti ndogo. "Nikimsemesha tutapinduka, nisipomsemesha atavunja gari lako. Nenda kamwambie Himid."

Humoud hakuwasha gari. Aligeuka akatazama nyuma ya kiti. Kioo cha nyuma cha keri yake kilivunjika zamani, naye aliliziba tundu kwa ubao ambao rafiki yake alimchorea mwezi, nyota na jina la gari kwa rangi za dhahabu. Alikuwa anaupenda sana ubao ule. Aliutazama, akavuta pumzi, akatoa bisibisi chini ya kiti.

"Yakhe, ubao wako mzuri huo," akasema mzee.

"Mzuri. Sogea katikati, ami."

Ubao ulipotoka, pua ya Simuogopi ikaingia kati yao, pana na yenye maji, ikapuliza pumzi ya majani kwenye shingo ya Humoud. Mzee Matano alisogea katikati ya viti, goti bovu amelinyoosha, mgongo kwenye kioo cha mbele na uso kwa ng'ombe wake.

"Assalamu alaikum," akamwambia fahali. "Tunakwenda Kengeja."

Gari likaondoka na halikulala tena. Njia nzima mzee alizungumza. Alimweleza Simuogopi wapi wamefika, nani anaumwa, nani kajenga. Humoud alisema baadaye kwamba alizisikia habari zote za kisiwa siku ile, nyingine za jamaa zake mwenyewe ambazo hakuzijua. Penye watu, watoto walikimbia pembeni wakipiga mayowe kwa kuona mtu anasafiri kinyumenyume akihutubia ng'ombe.

Kengeja uwanja ulikuwa umejaa. Himid alikuwa amefika mapema kutoka Chake Chake, amesimama na vijana, na alipoiona ile keri inaingia ikiwa imechuchumaa alicheka kama watu wote. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu baba yake alikuwa ameshuka, amekataa mkongojo, na anamteremsha Simuogopi kwenye tuta la udongo.

Mzee alitembea mbele, kamba begani. Alichechemea. Kila hatua aliipima, na fahali yule mkubwa alipunguza mwendo wake nyuma yake, akisimama kila mzee aliposimama, hadi walipofika kwenye nguzo katikati ya uwanja. Wanawake wa Kengeja walianza kuimba kabla kamba haijafungwa.

Himid alitoka kwenye kundi. Alikuja na viatu vyake vya ofisini kwenye vumbi, akasimama mbele ya baba yake.

"Nimeshawaambia wanunue mbuzi wa walima," akasema.

Mzee Matano alimtazama mwanawe, kisha akautoa mkono wenye kamba.

"Basi shika, ukae mbele yake, umsemeshe," akasema. "Mie goti linaniuma, nataka kukaa."

Himid akaishika kamba. Akaanza kumweleza fahali habari za harusi.