Pumzi ya Fundi Saa

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, fundi saa alifungua saa moja mezani kwake, akaisogeza karibu na jicho na kuipuliza: fuu! Vumbi likaruka. Majirani walimwita Mzee Fuu, naye akaitika. Mkewe akiwa jikoni, akishaisikia ile fuu, alijua mume kaamka salama.

Alikuwa mpole kwa saa, mkali kwa wenyewe. Hasa kwa yule aliyeleta saa iliyoingia maji akadai imesimama tu yenyewe.

"Yenyewe? Ilichoka?" angemuuliza. "Sema ilizama lini. Ukinificha, unaniletea maiti nikuoshee."

Korona ilipoingia mtaani, redio ikasema wanaofariki zaidi wakilazwa ni wazee, na wenye presha, na wenye sukari. Fundi alikuwa na vyote. Akaizima.

"Imenitaja kila kitu isipokuwa jina," akasema.

Mkewe alicheka, yeye hakucheka. Tangu hapo vidonge vyake vya sukari vikahamia kwenye droo ya mikanda ya saa, chini kabisa.

Kikohozi kikaja, akasema ni vumbi. Homa ikaja, akasema ni jua. Asubuhi moja mkewe akasikia fu, fupi, kisha kimya. Akatoka jikoni na mwiko mkononi. Vumbi lilikuwa palepale juu ya saa. Mume ameng'ang'ania meza, midomo imegeuka rangi.

"Baba watoto, hospitali."

"Wenye sukari hawatoki kule, mama. Labda niende, ila nisiwaambie."

"Mficha maradhi—"

"Methali zako zipeleke sokoni."

"Haya, si methali. Saa yako ilizama lini?"

Akamtazama. Alitaka kujibu, pumzi ikamkatikia njiani.

"Wiki iliyopita," akasema mwishowe.

"Ukakaa nayo?"

"Nikakaa nayo."

Mkewe hakumgombeza. Aliyajua kwa moyo maneno ambayo wateja walikuwa wakiambiwa kila siku: saa ikiletwa ingali na maji hupona, ikishashika kutu fundi huahidi kujaribu tu.

Mzee akaivuta droo mwenyewe, akachokora chini ya mikanda, akavitoa vidonge. Hakuvitia mfukoni. Alivishika mkononi kama mtu aliyeshika tiketi, ili nesi avione hata kama pumzi ya kusema itakosekana.

Kwenye geti la hospitali mlinzi akasema mgonjwa anaingia peke yake. Akamletea kiti cha magurudumu. Mzee akakikataa.

"Ile saa pale mezani nimeiacha wazi," akamwambia mkewe. "Ifunike, vumbi linaingia."

"Utaifunika mwenyewe ukirudi."

Akaguna, nusu kicheko. Akaenda polepole, mkono wenye vidonge ameutanguliza mbele. Penye ngazi alisimama, akashika ukuta, akavuta pumzi, akapanda. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Mkewe alikuwa bado ameshika mkoba wa nguo ambao mlinzi alisahau kuupokea. Mzee Fuu hakurudi tena nyumbani.