Nilifuta Alama za Baba kwa Msasa

Mizinga arobaini na miwili ya marehemu baba yangu inaning'inia katika msitu wa Ipole, imejaa asali, na hakuna mtu wa familia yetu anayethubutu kurina. Sababu ni mimi. Mimi, msasa, na makopo mawili ya rangi nyekundu.

Jina langu sitalitaja. Majirani zangu wa Cheyo, hapa Tabora mjini, watanijua kabla hawajafika katikati, na ndugu zangu wameshanijua. Kosa hili nalileta kwenu nyinyi msionijua, kwa sababu naamini kwamba hivi sasa, unaposoma, kuna mtu mahali fulani ameshika msasa na ana nia njema kabisa.

Nilifanya kazi ya masjala miaka ishirini na saba. Kwa asiyejua, masjala ni chumba cha majalada ofisini. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna karatasi inayopotea, na haikupotea hata moja. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema ili uone ni mtu wa aina gani aliyefanya upumbavu huu.

Tulizaliwa watatu: dada yangu Veronika, mimi, na mdogo wetu Gaspari. Baba alikuwa mfuga nyuki. Veronika alipofikisha miaka mitatu, baba alipeleka asali na nta mjini Tabora, na kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga biashara akaona kibaiskeli cha matairi matatu. Kilikuwa cha chuma kitupu, kizito kama kinu. Debe la asali likabaki dukani, kibaiskeli kikatoka.

Alikifunga kwenye keria ya baiskeli yake, akaendesha siku mbili hadi Ipole, kwa njia ileile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani. Wanyamwezi tumebeba mizigo ya watu hadi pwani. Baba alibeba wa kwake. Mama anasema kila kijiji walimuuliza swali moja.

"Kijana, baiskeli yako imezaa?"

"Imezaa," baba alijibu, "lakini baba wa mtoto hajulikani."

Sote watatu tulijifunzia hicho. Siku mtoto alipoweza kuizunguka nyumba bila kushikwa, baba alikigeuza kibaiskeli, akachukua patasi na nyundo, akagonga kitu kwenye bomba la katikati. Nakumbuka mlio wake. Nilichokuwa naangalia siku yangu ni goti langu lililochubuka.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja la kwetu. Kila mfuga nyuki ana alama yake. Huichonga kwenye gogo la mzinga kabla ya kuutundika mtini, na alama hiyo ndiyo hati yake. Mtu anaweza kupita chini ya mzinga wako akiwa na njaa, akainua macho, akaiona alama, akaendelea na safari. Nimezaliwa humo. Nimekulia humo. Jambo hili nalijua kama ninavyojua Baba Yetu.

Baba alipofariki, nilikikuta kibaiskeli stoo chini ya magunia makuukuu ya tumbaku. Pedeli moja haipo, kiti kimeoza, kutu kila mahali. Nikasema, hiki ndicho kitu cha kuwaachia wajukuu na vitukuu. Nitakifufua. Siku ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja nitakitoa mbele ya ukoo, watu walie.

Walilia kweli, lakini tusiwahi huko.

Nilikipeleka kwa fundi mmoja Gongoni anayechomelea mageti. Nilikwenda na daftari, nikaandika kila hatua. Nilipiga na picha za simu, kabla na baada, zote za upande wa kulia, kwa kuwa ule wa kushoto uliegemea ukuta na sikutaka kumsumbua mtu akigeuze.

Siku ya tatu fundi akaniita.

"Mama, huku kuna michoro. Niiache?"

Nikavaa miwani, nikainama. Niliona mikwaruzo mitatu, imepangana kuanzia kwenye usukani kuelekea kwenye kiti, imeshiba kutu. Nikaona utundu wa mtoto mwenye msumari.

"Ondoa."

"Una hakika? Imeingia ndani hii. Hii ni patasi, siyo mchezo."

"Fundi, nimekuja kung'arishiwa au kuhojiwa?"

Akawasha grenda, na alipomaliza akamalizia kwa msasa. Cheche ziliporuka nilirudi nyuma hatua mbili zisije zikatoboa kitenge changu. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kumbukumbu, nikaandika: "Mikwaruzo mitatu, bomba la kati, kushoto. Imeondolewa."

Ndugu msomaji, nikaweka na tiki.

Siku ya misa ilifika. Tulisali, tukala, wazee wakaketi. Nikakitoa kibaiskeli kimefunikwa kitenge, nikakifunua. Watoto walipiga kelele. Gaspari alikizunguka akicheka. "Dada, hiki kimetoka kiwandani leo asubuhi." Mama alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kimekuwa kizuri," kwa sauti ile anayomsifia mtoto wa jirani.

Ndipo baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliposimama.

"Kaka aliniachia neno," alisema. "Aliniambia nisilitoe mpaka mwaka uishe, msije mkagombana na machozi bado mabichi. Alisema hivi: mizinga nimeshaigawa. Anayetaka kujua ipi ni ya nani, akatazame kibaiskeli. Alama ziko pale."

Watu wote waligeuka. Kibaiskeli kiling'aa kiasi kwamba baba mdogo alijiona humo na kofia yake. Akainama, akapitisha kidole kwenye bomba, kwenda na kurudi.

"Panateleza," akasema.

"Wewe baba mdogo hukuziona hizo alama?" Gaspari aliuliza.

"Niliambiwa niwaambie mtazame. Sikuambiwa nitazame."

Kisha wakanigeukia mimi. Hapo ndipo kosa la kwanza, ambalo lilikuwa ujinga tu, lilipozaa la pili. Nilifungua mdomo nikasema:

"Kutu. Kutu ilikuwa imeshakula kila kitu."

Veronika na baba mdogo waliingia msituni, wakarudi na hesabu. Mizinga ishirini ina alama ya mguu wa kuku. Kumi na minne ina duara lenye nukta. Minane ina mistari miwili. Kwa nini baba hakugawa sawasawa, anajua mwenyewe.

Kesho yake, kwenye kundi la familia la simu, kumbukumbu zilifufuka. Gaspari alikumbuka alama yake kuwa ni mguu wa kuku. Veronika naye alikumbuka mguu wa kuku, na akamkumbuka na kuku mwenyewe, mwekundu, asiye na mkia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika: "Hata yangu nadhani ilikuwa mguu wa kuku." Sikuwa nadhani chochote.

Utani uliishia hapo. Baada ya wiki mbili Gaspari alituma ujumbe mrefu. Alisema tusidanganyane, ni lini mwanamke wa kwetu alipanda mti kurina asali? Kwenye kibaiskeli palikuwa na alama moja tu, ya mtoto wa kiume. Alama nyingine za porini ni za mizinga ambayo baba aliinunua kwa watu. Kwa hiyo mizinga yote ni yake, ila atatukumbuka kwa chupa ya asali kila Krismasi.

Mimi nina pensheni. Chupa ya Krismasi ningeipokea, ningenuna, ningesahau. Lakini Veronika ni mjane. Alirudi kwa mama na watoto wake wanne, na ndiye aliyemshikia baba kienge cha moshi chini ya miti miaka yake yote ya mwisho, Gaspari akiwa mjini na mimi nikiwa na majalada yangu. Bila mizinga hiyo hana kitu Ipole ila jembe. Hakujibu ule ujumbe. Alinipigia simu, akasema, "Mdogo wangu, wewe ulikishika kile kibaiskeli. Hukuona chochote?"

"Kutu, dada."

Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na mkono wangu. Mikwaruzo mitatu. Mitatu, siyo mmoja! Mstari ule mmoja ulimtetea dada yangu na kunishtaki mimi, na kwa miezi minne niliamua kujitetea mimi. Nililihamisha daftari kutoka droo hadi kabati, kutoka kabati hadi chini ya godoro. Mtu wa masjala anaficha jalada.

Mwishowe nilipanda basi kwenda Ipole. Mama nilimkuta uani anapepeta karanga.

"Mwangaluka, mama," nikamsalimia kwa lugha ya nyumbani. Akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza yote: fundi, swali lake, jibu langu, tiki. Akaendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Nilijua siku ileile," akasema.

"Ulijua?"

"Kutu gani hiyo, mwanangu, inayokula maandishi ikaacha bomba?"

Nikaanza kuokota karanga zilizodondoka chini.

"Lete hilo daftari Jumapili. Na ulisome kwa mdomo wako."

Nililisoma. Tulikaa sebuleni kwa mama, baba mdogo akiwa shahidi, kibaiskeli katikati yetu kama mshtakiwa mwenzangu. Nilipofika kwenye "imeondolewa" Gaspari alinyoosha mkono akalichukua daftari. Alisoma mara mbili. Nilidhani atanitukana.

"Miaka ishirini na saba masjala," akasema polepole, "na jalada la baba yako umelipiga grenda."

Veronika alianza kucheka kwanza, na alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Sijui yote yalikuwa ya kucheka. Gaspari alilirudisha daftari, akatazama chini. "Mitatu ni mitatu," akasema. "Nilivuka mpaka, dada Vero. Nisamehe."

Basi hapo tuko pamoja: baba alitugawia sote watatu. Alama zilipangwa kutoka kwenye usukani kwa kufuata tulivyozaliwa, maana hivyo ndivyo tulivyojifunza kuendesha. Tunachokosa ni kimoja tu, ipi ilitangulia, na hicho nilikitazama kwa miwani yangu mwenyewe sikukiona. Fundi naye nimemuuliza. Amesema alikuwa ananitazama mimi, siyo michoro, kwa sababu nilikuwa mkali.

Gharama yake naendelea kuilipa. Nikiingia kwa mama sasa, Veronika huwapazia watoto sauti: "Ficheni sufuria, mama mdogo asije akazipaka rangi!" Gaspari ananiita Bi Msasa mbele za watu. Nimevumilia. Nastahili.

Nawe uliyekuta kitu cha wazazi stoo, kabla hujakisafisha, kaa nacho chini. Kigeuze pande zote. Mwite mama, mwite shangazi, mwite yeyote aliyekiona kikiwa kipya, umuulize kila mkwaruzo umetoka wapi. Fundi akikuuliza "niache?", mwambie aache. Rangi inaweza kungoja hata miaka kumi.

Jambo moja sikuwaambia ndugu zangu. Jumapili ile, wenzangu walipotoka kumsindikiza baba mdogo, nilibaki jikoni na mama.

"Mama, ulijua kuhusu kutu. Basi na alama unazijua."

"Tangu mgombane mnakuja kila mwezi," alisema. "Gaspari analeta mchele, wewe unaleta sukari. Zamani nilikuwa nawaona Krismasi na misibani."

"Mama, unazijua au huzijui? Ipi ilitangulia, ile ya Veronika?"

Akachukua kijiti, akachora kwenye majivu ya mafiga: mguu wa kuku, safi, kwa mistari mitatu ya haraka. Nikavaa miwani. Kisha akayasawazisha majivu kwa kiganja, akaniuliza kama nimeona chumvi.

Msimu wa kurina umefika. Mpaka naandika haya sijui kama mama alichora anachokijua, au kile tu alichotusikia tukikigombania.