Moto Ambao Sikuuwasha

Kila mwezi wa sita, harufu ya nyasi mbichi zinazoungua hunikuta hapa Ipuli na kunirudisha Sikonge, kwenye msitu wa baba. Ulikuwa wake kwa maana ya mizinga tu. Aliitundika juu ya miyombo, na nyuki wakatulisha sote nyumbani.

Mvua zikiisha, baba alichoma nyasi chini ya miti ile mapema, zingali na ubichi na umande, ili moto mkali wa kiangazi usikute cha kula. Moto wake ulikuwa mdogo, mvivu, wa kutambaa. Mimi, binti yake mkubwa, niliufuata na tawi la majani nikijiona mtu muhimu sana. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili homa ilimlaza, akanikabidhi kiberiti.

Chini ya mti wa kwanza kabisa nilikuta kiota cha kwale, mayai sita, bado yana joto la mama yao. Jamani, mngefanyaje? Nilirudi nyumbani sijawasha hata njiti moja.

"Umechoma, mama?" baba aliniuliza kutoka kitandani.

"Nimechoma, baba."

Vifaranga walianguliwa, wakaenda zao. Nyasi zilibaki, zikakauka, ndefu kunipita. Mwezi wa kumi moto ulitoroka kwenye shamba la mtu, ukazikuta. Huo haukutambaa, ulipanda. Tuliusikia ukinguruma tukiwa nyumbani, na kesho yake mizinga yote ilikuwa majivu, miyombo imebabuka hadi vileleni.

Baba, aliyejua kwale hutaga msimu gani, alizunguka kwenye majivu, kisha akasimama mbele yangu.

"Ulikuta mayai?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata mimi ningeyahurumia," akasema, na hakulitaja tena. Afadhali angenichapa.

Bila mizinga, akaenda Urambo kukausha tumbaku ya watu. Yeye ambaye hakupenda kuvunja tawi bure, sasa alishinda akilisha matanuri magogo. Tulimwona Krismasi tu, amekonda, anakohoa moshi, na Krismasi moja hakuja, ikaja habari ya kifo chake.

Mwaka jana nilikwenda kuuona msitu. Visiki vimechipua. Miti michanga ya mininga, ambayo moto uliifyeka hadi ardhini mwaka baada ya mwaka, kumbe ilikuwa ikinenepesha mizizi chini kwa chini, na sasa imenipita kimo. Nyuki wamerudi kwenye matundu ya miti. Nilisimama pale nikalia kama mtoto. Miaka yote nilidhani nimeuua msitu, nikauombolezea. Wenyewe ulijua njia ya kurudi. Aliyeondoka kwa sababu ya uongo wangu, asirudi, ni baba.