Swali Nililomngojea Kaka

Kiongezo kile kilikuwa kitu kidogo. Ukikiweka ndani ya programu ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kilikupangia mistari na kupaka rangi mahali ulipokosea. Kilitengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na yeyote aliruhusiwa kukifungua, kukisoma na kupeleka marekebisho. Mimi nilikitumia katika kibanda cha kaka yangu, karibu na stesheni ya Kamina, tunapopiga fotokopi na kuwaandikia watu barua zao; hata barua hizo niliziandika ndani ya programu hiyo hiyo. Shule niliishia ya msingi. Kodi nilijifunza kwa video za simu, nikizisimamisha kila mara, kwa sababu naandika polepole.

Kiongezo kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kilipoanza, na tena kila ulipohifadhi kazi, kilitafuta mtandao. Usipokuwapo, programu nzima iliganda. Hapa kwetu mtandao hupotea mvua ikinyesha, hupotea hata jua likiwaka. Nadhani waliokitengeneza hawakuwahi kuliona jambo hilo. Nilipatafuta mahali penyewe katika kodi yake mpaka nikapapata, nikaandika mistari michache ya kukifanya kiendelee bila kungoja, si kikianza tu bali na kila unapohifadhi. Nilitamani sana mistari ile ikubaliwe, jina langu likae pamoja na majina ya wengine.

Nikaipeleka kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Msimamizi wa kiongezo akaandika chini yake, mahali ambapo kila mtu anasoma. Simu ikanitafsiria: "Asante. Kwa nini umeiweka hapa, si mwanzoni tu? Kwako hutokea nini mtandao ukikatika?"

Uso uliniwaka. Nyumbani kwetu, mkubwa akikuuliza "kwa nini" mbele ya watu, hilo si swali, ni karipio. Hujibu kwa kinywa chako. Unanyamaza, unamtafuta mkubwa wako aende akakae na aliyekukaripia, apeleke neno lako. Hata baba, aliyezeekea kwenye reli, alipokosana na mkuu wake alimtuma shemeji yake. Basi nikafunga ukurasa, nikamngoja kaka, aliyekuwa amekwenda Kinkondja kununua samaki wakavu.

Barabara ilikuwa mbaya, akakawia. Msimamizi akaandika tena: "Bado upo?" Nikaona hasira yake imepanda. Nikazidi kunyamaza.

Kaka alirudi akinuka moshi wa samaki. Nilimwonyesha maneno yale, nikamwomba aniombee msamaha.

"Weye ulimujibu nini?" akauliza.

"Sikumujibu, yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja miye? Miye najua nini mu hizi mambo? Miye niko muntu wa samaki!"

Mama mmoja aliyekuja kupiga fotokopi akacheka mpaka akashika meza. "Huyu mutoto anataka kuposa kompyuta! Anatuma wazee!"

Kaka hakucheka. Alisoma tena, kidole kwenye kioo. "Huyu bwana hana hasira. Anakuuliza tu. Anataka kujua mtandao ya huku iko namna gani."

Tukafungua ukurasa. Mjadala wake ulikuwa umekwisha kufungwa. Mtu mwingine alikuwa ameandika marekebisho yake, nayo yamekubaliwa. Msimamizi alikuwa ameacha maneno haya: "Hatukusikia kutoka kwako, kwa hiyo tumechukua njia hii. Asante kwa kutuonyesha tatizo."

Niliisoma kazi ya yule mwingine mstari kwa mstari. Ilikuwa safi kuliko yangu. Lakini ilitibu kule kuganda kwa mwanzo tu, si wakati wa kuhifadhi. Kwake, nadhani, mtandao ama upo ama haupo tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mahali unakatika katikati ya kazi. Wa kumwambia nilikuwa mimi, na ndicho nilichoulizwa.

"Fungua ukurasa ingine," kaka akasema. "Mwambie."

"Watasema nilikuwa wapi siku zote."

"Basi wakisema, utajibu."

Nilianza kuandika jibu lile lile ambalo lingetosha siku ya kwanza: "Niliiweka pale kwa sababu kwetu mtandao hukatika wakati wowote." Sentensi moja. Nikaifuta, nikaiandika upya. Bado haijaondoka kwenye kompyuta ya kibanda. Asubuhi kiongezo kinafunguka vizuri, namshukuru yule asiyenijua. Kisha katikati ya barua ya mtu mtandao unakatika, kioo kinaganda, na mteja ananiuliza kwa nini. Namwambia angoje kidogo.