Boriti ya Makapi ya Mawese

Shida zangu zilianza mwaka 1962, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikwenda Bujumbura kutazama bendera mpya ikipandishwa. Akamwona na mwanamke mpya. Mpaka leo hajarudi kutueleza huo uhuru ulivyokuwa. Shule nikaiacha darasa la pili, nikawa mbeba mchanga wa mafundi wa Rumonge.

Mwaka 1972 damu ilimwagika kando ya ziwa. Mafundi wa kweli waliuawa au walivuka maji. Alibaki bosi wangu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumbishia, akajiita fundi mkubwa. Vyuma vya betoni, yaani nondo za kutia ndani ya zege, havikufika tena kutoka Bujumbura, na mwenye duka mmoja alitaka boriti za juu ya milango ya ghala lake lililoungua.

"Tutatia makapi ya mawese," bosi akasema, yaani zile nyuzi zinazobaki mafuta yakishakamuliwa.

"Muzee, zinateleza. Tuzifue kwanza na majivu, kama masufuria."

"Weye umeisha ona nyumba inaogeshwa?" Wenzangu wakacheka. "Haya, fanya yako ya kuoga. Ikikatika, rudi Gatete ukaparue samaki."

Gatete, kijijini kwetu, hapakuwa tena na mtu wetu wa kumrudia. Nikafua, nikaanika, nikamimina yangu.

Desturi yetu: boriti ikikauka huwekwa juu ya mawe mawili, aliyeitengeneza hukaa katikati, wenzake wakamwongezea uzito. Bosi akakalia yake kwanza, tumbo mbele, kikombe cha chai mkononi. Tukampakatisha mfuko wa simenti kama mjukuu. Boriti ikakatika mara moja, na nyuzi zikachomoka zinang'aa mafuta, bila hata chembe ya simenti. Aliyeoga ni yeye, kwa chai.

Nikakalia yangu. Wakaniwekea mfuko, wakaongeza mwingine. Ikalia, ikafunguka ufa wa kuingiza kidole, ikakaa hivyo hivyo, nyuzi zimeng'ang'ania pande zote mbili.

"Nayo imepasuka," bosi akasema kutoka chini.

"Imepasuka, muzee, lakini iko inanibeba. Yako iko wapi?"

Mwenye duka, aliyekuja kuona boriti zake zikijaribiwa, akainama kuutazama ufa. "Kazi iko yako, mwanangu. Na huyu mumupatie kitambaa ajifute."

Bosi alikufa akisema kosa lilikuwa la mawe.

Leo nina nyumba ya matofali, shamba la michikichi, kinu cha mawese, mitumbwi miwili, mbuzi, na zizi lao lenye ile boriti juu ya mlango, na ufa wake.